Sindano ilichomwa mkono gani?

(Mhadhara kwa madereva na wafanyabiashara wa njia ya Tunduma na Kongo, Dar es Salaam)

Ndugu zangu madereva, matingo, na akina mama wa biashara, asanteni kwa kuja. Homa ya manjano yenyewe, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, sitaieleza kwa kirefu, mabango mnayaona kila mpaka. Nimekuja na jambo moja, lile lile ninalolisema kila nikipewa nafasi: kadi ya njano, ile ya kuonyesha mpakani kwamba umechanjwa homa hiyo, si chanjo.

Nimekaa mpakani miaka mingi nikiwa afisa afya. Jioni moja alifika dada mfanyabiashara, anakwenda Lubumbashi. Kadi yake mpya, haina hata alama ya kukunjwa. Muhuri upo, sahihi ipo. Nikatazama tarehe: siku ya Idd. Nani alikuwa anachanja watu Idd? Sikumgombeza. Nikamuuliza swali moja tu: "Dada, sindano ilichomwa mkono gani?" Akautazama mkono wa kulia, akautazama wa kushoto, halafu akanitazama mimi. Machozi yakaanza kumtoka. Kadi aliinunua stendi, alfajiri ya safari, kwa mtu asiyemjua hata jina, kwa sababu basi lilikuwa linawasha injini na mzigo unamsubiri.

Yule dada hakuwa mhalifu, alikuwa amechelewa. Ndiyo maana namkumbuka. Ukichomwa leo, kadi inaanza kutambulika baada ya siku 10, kwa sababu mwili unazihitaji siku hizo kujijengea kinga. Hakuna afisa wa kukupunguzia hata moja, awe shemeji yako. Lakini ukishachanjwa umechanjwa: tangu Julai 2016 kadi hiyo ni ya maisha yako yote, hata zile za zamani zilizoandikwa miaka 10. Sindano moja, uchomwe wakati huna safari yoyote, kadi uiweke pamoja na pasipoti, basi. Sasa kwa nini watu wazima wanahangaika stendi kununua karatasi? Inaniudhi, nasema wazi. Karatasi inaweza kunipita mimi mezani. Mbu wa Kongo haombi kadi.

Najua kuna mtu moyoni anasema: "Mzee, Tanzania hatuna homa ya manjano, unatutisha bure." Ni kweli, nchi yetu haimo kwenye orodha ya zenye maambukizi. Lakini dengue ya Dar ya 2014 na 2019 mmeisahau? Wangapi humu ndani walilala wiki nzima viungo vinawauma? Mbu aliyeisambaza dengue ndiye huyo huyo anayesambaza homa ya manjano mijini. Yupo hapa tayari, anazaliana kwenye maji yaliyotuama ndani ya tairi kuukuu, kifuu na pipa lisilofunikwa. Kinachokosekana ni mtu mmoja tu kurudi na virusi kwenye damu. Kwa hiyo ukinunua kadi, unayemdanganya si mimi. Ni jirani yako wa Mbagala na watoto wake.

Tazameni Angola. Ugonjwa ulianzia Luanda mwishoni mwa 2015, ukaingia Kongo hadi Kinshasa. Wagonjwa 2 wakafika nao Kenya, na 11 wakafika nao China, bara la Asia ambako haukuwahi kuthibitishwa kabla ya hapo. Wote walikuwa wasafiri, watu wa kutafuta riziki kama ninyi. Chanjo zikawa haba duniani, ikabidi Kinshasa dozi moja igawanywe kwa watu watano. Katika nchi hizo mbili watu zaidi ya milioni 30 walichanjwa kuuzima moto ule.

Mwingine ataniambia chanjo hii ni ya kutujaribia. Ndugu yangu, inatumika tangu miaka ya 1930. Virusi vyake vya kwanza vilitoka kwa Mwafrika mwenzetu, Asibi, aliyeugua na kupona Ghana mwaka 1927. Mwanasayansi Max Theiler alividhoofisha vikawa chanjo, na kwa kazi hiyo akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1951. Aliyejaribiwa ni babu yako, na matokeo tunayo.

Sasa mbu. Huyu anauma mchana. Nawaona mnatandika mkeka chini ya tela saa nane mchana, shati mmevua, chandarua mmekihifadhi kwa ajili ya usiku. Kitundikeni hata huo mchana, vaeni mikono mirefu, pakeni dawa ya kufukuza mbu. Tairi la akiba lililojaa maji ya mvua lipindueni.

Dalili zinaanza siku ya 3 hadi ya 6 baada ya kuumwa na mbu: homa, kichwa, mgongo, kutapika. Unasema malaria. Siku chache homa inashuka, unaoga, unawasha lori. Wengi hupona hapo. Wachache homa inawarudia ndani ya saa 24, macho yanageuka manjano, mkojo unakuwa mweusi, damu inatoka puani na mdomoni. Waliofika hapo, nusu yao hufa. Dawa ya kuua virusi hivi haipo. Usimeze aspirini wala diklofenaki, zinaongeza kutoka damu. Nenda hospitali, na mwambie daktari umetoka wapi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka basi: mtoto chini ya miezi 6 hachanjwi. Mwenye mzio mkali wa mayai, mwenye VVU ambaye kinga yake imeshuka sana, mjamzito, anayenyonyesha, aliyefika miaka 60, aongee na daktari kwanza. Asiyeweza kuchanjwa anaandikiwa barua maalumu, hana haja ya kununua kitu.

Wauguzi wako pale nyuma, karibu na mlango, na sindano ni halisi. Mwenye safari kesho kutwa naye aje achomwe, ila asiniombe nimrudishie tarehe nyuma.