Nyanya Hatafutwi kwa Mumewe

Akina mama, wazee wangu na vijana wa Bungoma, asanteni kwa kuja.

Nyanya yangu, mama mzazi wa baba, amezikwa Kimilili. Kwa miaka mingi niliuliza habari zake palepale, nikarudi mikono mitupu. Nilihesabiwa baba zake babu hadi kizazi cha saba. Nyanya alikuwa "mama fulani" tu. Serikali nayo haikumwandika. Kodi ya nyumba ilidaiwa kwa mume, kipande, kitambulisho cha mkoloni, kilining'inia shingoni mwa wanaume, na hati ya shamba ikatoka kwa jina la babu. Kitambulisho alichopata baadaye kilisema amezaliwa 1935. Karani alimtazama uso, akakadiria.

Mwanamke atafutwe alikozaliwa. Na ukoo wake hautapotea, maana sisi Wabukusu hatuoi katika ukoo wa mama wala wa nyanya, na kila posa wazee lazima waulize. Ndiyo sababu shangazi yangu, ambaye hakusoma hata darasa moja, aliutaja ukoo wa nyanya papo hapo, akanielekeza Sirisia.

Huko nilimkuta mdogo wake nyanya, ajuza sasa, anachambua maharagwe kwenye ungo. Nilipomtaja nyanya kwa jina lake, Nasike, mikono yake ilisimama. Nasike huitwa msichana wa msimu wa nzige, na nzige waliivamia Kenya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930. Lakini mtoto hurithi pia jina la marehemu, kwa hiyo msiliamini jina likiwa peke yake. Nikamuuliza: mwaka huo nani alitahiriwa? Ndugu zangu, swali hilo lishikeni sana! Kwetu vijana hutahiriwa Agosti, tena katika miaka inayogawanyika kwa mbili.

Akasema mama yao aliwasimulia hivi: kaka mkubwa alikuwa jandoni, naye mama alisimama kwenye shamba la wimbi, Nasike mchanga mgongoni, akipiga debe nzige wasitue. "Alilipiga hadi likatoboka," akasema. Basi ni 1928, 1930 au 1932, na sitachagua mmoja kwa sababu tu unanipendeza. Kitambulisho kilimpunguzia nyanya miaka isiyopungua mitatu.

Kisha, bila kuulizwa, akaongeza kwamba mama wa mama yao alikuwa Chetambe, juu ya Webuye, msichana ambaye hajaolewa, Waingereza walipoishambulia ngome ya Wabukusu mwaka wa 1895. Kilima kile nimekipanda na wanafunzi mara ngapi, nikiwaonyesha handaki na kuwasifia wapiganaji, wote wanaume!

Mwezi uliopita nilipanda tena na shangazi. Alilizunguka handaki polepole, fimbo mkononi, halafu akaniuliza msichana angepitia wapi kutoka.