Nyota ya sherifu kwenye bango la mchango wa ukuta

Shikamooni wazee wangu. Vijana, mambo vipi. Leo narekodia ndani ya gari, vioo nimefunga, maana upepo wa El Paso, Texas, mwezi huu wa Machi unakuja na mchanga mpaka kwenye meno. Mkisikia kishindo pembeni msishtuke, ni treni ya mizigo, reli iko karibu.

Naomba tuongelee ile klipu. Wiki nzima simu yangu inalia klipu ileile: wanaume wamepanga mstari, kofia pana, nyota kifuani, nyuma yao nguzo za chuma, mmoja anasema mpaka wa Marekani na Mexico umevamiwa, na chini yanapita maandishi ya kuomba mchango. Karibu kila aliyenitumia ameandika juu yake "serikali ya Marekani imetangaza". Mjomba mmoja, sitamtaja, akaniuliza kabisa: mwanangu, sasa hawa wameruhusiwa kukukamata?

Mjomba, swali la kukamatwa nitalijibu mwishoni kwa sababu lina mambo yake. La kwanza nalimaliza sasa hivi: pale serikali haijatangaza chochote. Ile ni asasi binafsi. Ina bodi ya ushauri, na kwenye bodi wamewekwa masherifu, yaani wakuu wa polisi wa kaunti, wengine walishastaafu, mameya wa zamani, mbunge mmoja wa zamani, na mchungaji. Kazi yao ni uchechemuzi: kuwashawishi wabunge kule Washington, kuchangisha fedha, kuwatembeza wanasiasa mpakani wapigwe picha. Ni halali kabisa, na katiba yao inalinda jambo hilo. Mimi ninachokishangaa ni jinsi ile nyota ya kifuani inavyofanya kazi machoni pa mtu aliye mbali.

Sherifu wa huku hapangiwi kituo na makao makuu. Anaomba kura. Texas, New Mexico na Arizona, kila miaka 4 anabandika mabango, anazunguka kwenye ibada na minada ya ng'ombe, anapokea fedha za kampeni, na ana chama. Akishinda anaendesha jela ya kaunti, anapeleka hati za mahakama, analinda maeneo yaliyo nje ya miji. Akivuka mstari wa kaunti yake, sauti inapungua. Na mpaka wenyewe, kwa maana ya nani aingie, nani arudishwe, nani asikilizwe ombi lake la hifadhi, ni kazi ya serikali ya shirikisho: kuna Border Patrol, kikosi cha doria ya mpaka kilichoanzishwa 1924, na kuna maofisa wa forodha na uhamiaji pale kwenye madaraja. Mpaka wa Marekani na Mexico una kama kilomita 3,145. Hakuna hata mita moja ambayo sherifu anaamua peke yake nani apite.

Kwa hiyo akikaa kwenye bodi ya asasi, hakai pale kama dola. Anakaa kama mwanasiasa mwenye bastola kiunoni.

Sasa nisije nikaonekana nawabeza. Wapo wanaojua wanachosema, na wanakijua kwa uchungu. Kusini mwa Texas kuna kaunti inaitwa Brooks, haipo hata mpakani, iko zaidi ya kilomita 100 ndani. Karibu na mji wa Falfurrias kuna kizuizi cha Border Patrol barabarani. Watu wanashushwa kwenye magari kabla ya kizuizi, wanapita maporini kwa miguu kukizunguka, kwenye ranchi za mchanga zisizo na maji, na wengi wanafia humo. Nani anakwenda kuchukua maiti? Ofisi ya sherifu. Gharama za uchunguzi na mazishi zinaangukia kaunti yenye watu wachache kuliko kata moja ya Mbagala. Sherifu wa mahali kama pale akikaa kwenye bodi akasema "njooni muone", mimi nitamsikiliza, awe anataka ukuta au hataki.

Na hapo ndipo klipu inapowapoteza wengi. Mnadhani nyota zote zinaangalia upande mmoja. Mwaka 2008 umoja unaoitwa Texas Border Coalition, wa mameya na viongozi wa kaunti za mpakani pamoja na wafanyabiashara, ulikwenda mahakamani kumshtaki waziri wa usalama wa ndani juu ya uzio uliokuwa unajengwa kwenye ardhi zao. Watu wa mpakani haohao! Walisema wanataka usalama, ila uzio unakata mashamba na biashara. Miaka mitatu kabla yake masherifu wa kaunti za mpakani wa Texas walikuwa wameunda umoja wao, wao wakidai fedha za doria, na jimbo likawapa. Mwaka 2015 kukaanzishwa kundi la wakuu wa polisi na masherifu wanaotaka sheria ya uhamiaji irekebishwe, wakisema mhamiaji anayeogopa polisi haji kutoa ushahidi. Wote hao wana sare na nyota, na wote wanasema "usalama wa mpaka".

Subirini nigeuze kamera.

Mnauona ule mlima wenye sanamu ya Kristo juu yake? Unaitwa Cristo Rey. Upande huu ni Sunland Park, mji mdogo wa New Mexico, umeshikana na El Paso hadi hujui umetoka jimbo moja ukaingia jingine. Upande ule ni Ciudad Juárez. Na ule msitari wa kahawia unaopanda kilimani, zile nguzo za chuma zenye rangi ya kutu, siyo ukuta wa serikali. Ulijengwa na asasi ya namna ile ya kwenye klipu, kwa fedha za mchango. Ukiusogelea, nafasi kati ya nguzo na nguzo inatosha kupitisha mkono tu, na unakatika kama ulivyoanza, kama nusu maili hivi, yaani mita 800.

Historia yake ndiyo hii. Desemba 2018 mwanajeshi mstaafu wa jeshi la anga, Brian Kolfage, aliyepoteza miguu miwili na mkono mmoja Iraq, alianzisha changizo mtandaoni. Fedha ziingie moja kwa moja serikalini, zikajenge ukuta wa Trump. Zikamiminika: zaidi ya dola milioni 25, kutoka kwa mamia ya maelfu ya watu. Serikali haipokei fedha kirahisi namna hiyo, basi wakabadilisha mpango, wakaunda asasi, We Build the Wall, kwamba tutajenga wenyewe kwenye ardhi za watu binafsi. Na hapa sasa ndipo bodi inapoingia. Mwenyekiti wa bodi ya ushauri, Steve Bannon, aliyekuwa mshauri wa Trump Ikulu. Ndani yake David Clarke, sherifu wa zamani wa kaunti ya Milwaukee, kofia yake mnaikumbuka kwenye televisheni. Tom Tancredo, mbunge wa zamani wa Colorado. Erik Prince, mwanzilishi wa Blackwater, kampuni ya askari wa kukodiwa. Curt Schilling, mchezaji wa zamani wa besiboli, yeye sijui alikuwa anashauri nini kuhusu zege. Wakili wao akawa Kris Kobach, aliyetoka tu kuwa katibu wa jimbo la Kansas.

Mtu wa Ohio au Florida mwenye dola 50 zake akiangalia orodha hiyo anasema nini? Anasema kuna sherifu, kuna wakili, kuna mbunge, fedha yangu iko salama. Na Kolfage mwenyewe alikuwa ameahidi hadharani hatachukua hata senti moja ya mshahara.

Mwishoni mwa Mei 2019, wikiendi ya sikukuu, matingatinga yakaingia hapa kwenye ardhi ya kampuni ya matofali. Mji wa Sunland Park ukatoa amri ya kusimamisha kazi, siku chache baadaye wakaruhusiwa kuendelea. Halafu likaja la geti. Walikuwa wameweka geti kwenye barabara ya kando ya mto ambayo ni ya tume ya mipaka na maji, ile ya pamoja ya Marekani na Mexico, barabara inayokwenda kwenye bwawa na kwenye nguzo ya kwanza ya mpaka. Juni tume ikaja, ikalifungua geti, ikalizuia lisifungwe, kwa maelezo kwamba limejengwa bila idhini. Masherifu na mawakili wote wale kwenye bango, na hakuna aliyehakikisha barabara ni ya nani! Baadaye wakakubaliana mchana liwe wazi, usiku lifungwe.

Agosti 2020 waendesha mashtaka wa shirikisho New York wakafungua kesi dhidi ya watu wanne: Kolfage, Bannon, na wengine wawili, Badolato na Shea. Bannon alikamatwa akiwa kwenye boti ya kifahari pwani ya Connecticut, na waliomkamata ni askari wa posta. Ndiyo, posta ya huku ina polisi wake. Hati ya mashtaka ilisema Kolfage alipitishiwa kwa siri zaidi ya dola 350,000, zikaenda kwenye ukarabati wa nyumba, boti, gari, vito, hata upasuaji wa urembo. Bannon, ilisema, zaidi ya milioni moja ilipitia asasi nyingine aliyoidhibiti.

Kolfage na Badolato walikiri makosa 2022, wakafungwa 2023, mmoja miaka 4 na miezi 3, mwenzake miaka 3. Shea alipambana mpaka mwisho, akapata miaka 5 na miezi 3. Bannon alisamehewa na Trump Januari 2021 kabla kesi haijasikilizwa. Jimbo la New York likamshtaki upya kwa sheria zake, maana msamaha wa rais hauvuki hadi kwenye kesi za jimbo, na Februari 2025 akakiri kosa, bila kifungo.

Clarke, Kobach, Tancredo, Prince, Schilling: hawakushtakiwa, na nalisema wazi kwa sababu msije mkaandika chini ya video kwamba nimewaita wezi. Sijasema hivyo. Ninachosema ni kwamba bodi ya ushauri inashauri tu. Haitii saini hundi wala haifungui vitabu. Anayewajibika kisheria na fedha ni bodi ya wakurugenzi, na hiyo kwa kawaida haina mtu mwenye kofia pana, ina majina matatu manne usiyoyajua. Ukiletewa bango, iulizie hiyo. Asasi nyingi za mchango hujaza kila mwaka fomu namba 990 ya mamlaka ya kodi, iko wazi kwa yeyote, inaonyesha wakurugenzi ni nani na wanaolipwa vizuri wanalipwa ngapi. Nawaambia hasa ninyi mlioko huku mnaoombwa dola 20 kanisani.

Kuna jambo jingine limetokea hapahapa, mwezi mmoja kabla ya ukuta huu. Aprili 2019 kundi la raia wenye silaha na nguo za kijeshi lilipiga kambi Sunland Park, likawa linawazuia wahamiaji usiku, linawakalisha chini wanawake na watoto, halafu linaita Border Patrol. Video zikasambaa. Gavana wa New Mexico akasema raia hawana mamlaka ya kumzuia mtu, na FBI ikamkamata kiongozi wao kwa kumiliki silaha akiwa na hatia za nyuma. Msiwafananishe na sungusungu wetu. Sungusungu wana sheria nyuma yao. Hawa hawakuwa na kitu, na kambi yao ikavunjwa.

Asasi zenye bodi za masherifu hupenda kusema sisi siyo kama wale, sisi tuna watu wa sheria. Na mara nyingi ni kweli, sherifu mwenye akili akiwa ndani huwazuia wenzake wasiguse bunduki. Ila mtu wa sheria naye anaweza kuivunja: Joe Arpaio, sherifu wa Maricopa kule Arizona kwa zaidi ya miaka 20, alitiwa hatiani Julai 2017 kwa kudharau amri ya mahakama iliyomkataza kukamata watu kwa kuwashuku uhamiaji tu. Mwezi uliofuata akasamehewa na rais.

Haya, mjomba. Kukamatwa.

Sherifu akivaa kofia ya asasi hana mamlaka yoyote juu yangu. Akivaa kofia ya ofisi yake, inategemea. Tangu 1996 sheria ya uhamiaji ina kifungu kinaitwa 287(g): sherifu anasaini makubaliano na ICE, idara ya shirikisho inayokamata na kurudisha wahamiaji, askari wake wanafundishwa, wanapewa baadhi ya kazi za uhamiaji. Mwaka 2025 Texas ilipitisha sheria inayowataka masherifu wanaoendesha jela waingie makubaliano hayo. Lakini yako ya aina mbalimbali. Aina ya jela inamhusu aliyekwisha kukamatwa kwa kosa jingine, akafikishwa jela, ndipo wanaangalia hadhi yake. Aina nyingine inawafikisha barabarani, askari anaweza kukuuliza akikusimamisha kwa taa ya nyuma iliyokufa. Tofauti ni kubwa sana kwa mtu anayekwenda kazini saa kumi alfajiri.

Orodha ya kaunti zilizosaini, na aina gani, ICE wameiweka wazi. Mwenye ndugu Texas amwambie aangalie kaunti yake leo, siyo kaunti ya kwenye klipu. Na vikao vya makamishna wa kaunti viko wazi kwa umma, unajiandikisha, unapewa dakika zako, unauliza. Mimi nimeshajiandikisha cha hapa. Nitawaletea majibu nikiruhusiwa kurekodi. Nikikataliwa nitawaeleza kwa mdomo.