Hamu ya Kuishi Hupanda na Kushuka

Ndugu zangu wauguzi, wachungaji, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na ninyi nyote mnaouguza wagonjwa wa saratani majumbani, nawashukuru kwa kufika hapa Mbeya katika asubuhi yenye baridi kama hii.

Naomba nianze na neno tunalolitumia mno wodini: "Jikaze." Tunalisema kwa nia njema, lakini ndani yake mna lawama, kwa sababu mgonjwa anayezidi kudhoofu hujiona kuwa ameshindwa kujikaza. Mwaka 1999 Harvey Chochinov, daktari wa magonjwa ya akili wa Winnipeg, Kanada, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti juu ya wagonjwa 168 wa saratani waliokuwa ukingoni mwa maisha, ambao mara mbili kwa siku walipima wenyewe hamu yao ya kuishi. Ilionekana kwamba hamu hiyo hupanda na kushuka sana, hata ndani ya saa 12, na kwamba inakwenda pamoja na sonona, wasiwasi, kukosa pumzi na jinsi mgonjwa anavyojisikia kwa jumla. Kwa hiyo mgonjwa akisema "acheni nife", anatueleza habari za saa ile, nasi tuna wajibu wa kumuuliza ni kitu gani kinachomtesa saa ile.

Namkumbuka mama mmoja wa Rungwe aliyekuwa amegeukia ukutani siku mbili, hataki uji wala maombi. Ndugu zake walikuwa wakificha mofini ya maji, dawa ya kutuliza maumivu makali, chini ya kitanda, wakiamini kwamba ni dawa ya kumalizia mtu, na imani hiyo, niseme wazi, imewatesa wagonjwa wengi katika nyanda hizi. Tulikaa nao, tukawaeleza kwamba mofini hupimwa kidogo kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kila baada ya saa nne, na dozi huongezwa kwa kufuata maumivu. Siku ya pili yake mama aliomba mto mgongoni, akaketi, akauliza kama parachichi zimeshachumwa au zimeachiwa wezi.

Sisemi kwamba moyo mkunjufu huondoa uvimbe. Mwaka 1989 David Spiegel, daktari wa magonjwa ya akili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alieleza kwamba wanawake wenye saratani ya matiti waliokutana katika vikundi vya kusaidiana waliishi muda mrefu zaidi, lakini aliporudia utafiti na kuuchapisha mwaka 2007 hakuiona tena tofauti hiyo kwa ujumla. Mimi sihitaji ahadi ya miaka ya ziada ili nimtulize mtu usiku wa leo.

Lipo pia suala la safari. Wengi wetu tumewasindikiza wagonjwa stendi wakienda Ocean Road, taasisi ya saratani iliyoko Dar es Salaam, kwa ajili ya mionzi, zaidi ya kilomita 800, ambako hukaa wiki kadhaa, pengine bila mtu wa kuzungumza naye kwa Kinyakyusa au Kisafwa. Nauli tunaichangia vizuri. Simu ya jioni, ya kumweleza mahindi yamefikia wapi na mtoto amelala kwa nani, tunaisahau ifikapo wiki ya pili, na hapo ndipo wengine hukatisha matibabu na kupanda basi la kurudi.