Heshima kwa Wazee na Swali Tusilowauliza

Wajumbe wa mabaraza ya wazee, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na ndugu zangu wote mliofika, shikamooni wazee wangu.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, na hospitali zetu nyingi leo zina dirisha la wazee. Mzee akifika pale hupimwa presha na sukari, huulizwa habari za magoti na macho, kisha hupewa dawa akaondoka. Haulizwi anakunywa pombe kiasi gani, wala ni vidonge gani vya usingizi anavyojinunulia duka la dawa. Kijana wa miaka 25 huona ni utovu wa adabu kumhoji mtu wa umri wa babu yake, nami nasema wazi kwamba ukimya huo, ingawa chanzo chake ni heshima, unawaumiza wazee wetu.

Uzeeni maji hupungua mwilini na ini hufanya kazi polepole, kwa hiyo kiasi kilekile cha pombe ya mbege alichokizoea mtu akiwa na miaka 40 humlevya zaidi akifikisha 70. Mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa ya glibenklamidi ya kushusha sukari akinywa pombe bila kula, sukari yake inaweza kushuka hadi akazimia, na wapita njia wakadhani kalewa tu. Diazepamu, dawa ya usingizi, nayo hukaa mwilini mwa mzee kwa siku kadhaa: akiamka usiku kwenda haja huyumba, na akianguka anaweza kuvunjika nyonga.

Hapa Kilimanjaro mbege ya ndizi na ulezi ilinywewa kwenye shughuli za ukoo, mbele za watu. Ninayemhofia zaidi ni mzee aliyefiwa na mwenzake, ambaye watoto wake wote wako mjini, naye anakunywa pombe kali peke yake chumbani tangu asubuhi. Viroba, yaani pombe kali ya vipakiti vya plastiki, vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, na hatua ile ilikuwa njema, lakini upweke wake uko palepale.

Ndiyo maana napendekeza swali hili la pombe na vidonge liulizwe na wazee wenyewe kwa wenyewe. Wajumbe wa baraza wagawane kaya na kutembeleana kila wiki, kwa kuwa mtu wa rika lake anaweza kumuuliza, "Siku hizi unakunywa na nani?" bila kumvunjia heshima. Akina mama wa vikoba washirikishwe, maana wao ndio hugundua mapema nani hajaonekana. Siku ya kliniki, mzee abebe dawa zake zote katika mfuko mmoja, za hospitali, za dukani na za kienyeji, mfamasia azikague.

Nawasihi pia jambo moja: mzee aliyezoea kunywa sana kila siku msimfungie ndani mkamwachisha ghafla, kwa sababu anaweza kutetemeka, kuweweseka na hata kupata degedege linaloweza kumuua. Mpelekeni kituo cha afya, aachishwe chini ya uangalizi wa daktari.