Polisi wa mtaa asifanye kazi ya ICE (idara ya serikali kuu ya Marekani inayokamata watu wa uhamiaji): mhadhara niliotoa kwa Waswahili wa Kent, Washington

Haya jamani, wale mliosimama nyuma njooni mbele, viti vipo. Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na ndugu zangu wa Kivu jambo yenu. Kiswahili changu ni cha kuchanganya, tutaelewana tu.

Nianze na simu. Kuna kipindi nilikuwa nafanya ukalimani, sasa mama mmoja akanionyesha simu yake, ameshaandika 911, namba ya kuita polisi, na hakupiga, mkono umevimba mpaka pete haitoki. Namuuliza mama mbona hukupiga, ananiambia mwanangu, polisi wakija si wataulizia makaratasi, wakimchukua baba watoto arudishwe kwao kodi nalipa na nini, wakinichukua mimi watoto wanabaki na nani. Yaani mtu amepigwa, analia, na bado inabidi apige hesabu. Hiyo hesabu ndo imenileta hapa leo.

Na msimwone mjinga. Wa Eastleigh ya Nairobi mnakumbuka 2014, ile operesheni ya Usalama Watch, polisi mlango kwa mlango wanataka kipande, watu wakajazwa Kasarani uwanjani. Wa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania, mnajua kutoka kambini bila kibali ni nini. Sisi tumekuja huku tukijua kabisa kwamba polisi na karatasi ni kitu kimoja, sasa nani atatuambia vingine?

Sasa sikilizeni inavyoenda. Ukikamatwa, hata kwa kosa dogo, jela ya kaunti inachukua alama za vidole, zinaenda FBI, na kutoka huko zinafika kwa watu wa uhamiaji, hiyo sheria ya jimbo haiwezi kuizuia. ICE wakikuona kwenye kompyuta yao wanaitumia jela karatasi inaitwa diteina, inasema huyu akimaliza mambo yake mkae naye mpaka masaa 48 tuje tumchukue. Na ile karatasi haijasainiwa na jaji!! Imesainiwa na afisa wa ICE mwenyewe. Ni ombi. Miaka na miaka masherifu waliichukulia kama amri.

Mpaka 2014, hapo jirani Oregon, kaunti ya Clackamas. Mama mmoja alikuwa jela, familia inataka kumtoa, hela iliyotakiwa ilikuwa dola 500 tu, lakini jela ikawaambia hata mkilipa hatoki, tutamshikilia kwa ajili ya uhamiaji. Akakaa kama wiki mbili. Dola 500 jamani, hiyo hapa ukumbini tungeichanga kabla chai haijapoa. Akaenda kortini, jaji wa federo, yaani wa serikali kuu, akasema kaunti imevunja haki yake ya kikatiba, huwezi kumfungia mtu kwa sababu tu umeombwa. Masherifu wengi wa Oregon na hapa kwetu wakaacha kuheshimu hizo karatasi, maana waliona wao ndo watakaoshitakiwa.

Alafu 2019 ikaja sheria yetu ya jimbo la Washington, Keep Washington Working. Polisi wa hapa haruhusiwi kukuuliza hadhi yako ya uhamiaji wala ulizaliwa wapi, ila kama inahusu kesi ya jinai anayoichunguza. Jela haikushikilii kwa diteina peke yake. ICE wakitaka kukuhoji ukiwa ndani lazima ukubali kwa maandishi, au wawe na amri ya korti, kwa hiyo ukiletewa fomu usiyoielewa usisaini, omba mkalimani, omba wakili.

Kuna wanaosema hapo mnalinda wahalifu. Hapana. Mwizi anashitakiwa, mbakaji anafungwa, na ICE wakija na waranti ya jaji mlango unafunguliwa. Tunachokataa ni hela ya kaunti na askari wa kaunti kufanya kazi ya serikali kuu. Na Mahakama Kuu ya Marekani ilishasema hivyo 1997, kwenye kesi ya sherifu wa Montana aliyekataa kulazimishwa na Washington DC kuchunguza wanunuzi wa bunduki. Ndio, bunduki! Kanuni ile ile ndo inamlinda yule mama wa simu leo.

Ila nisiwadanganye, sheria hii haiwazuii ICE wenyewe kukukamata barabarani. Magereza ya jimbo, siyo jela za kaunti, yameachwa nje ya vifungu kadhaa vya sheria hii. Na wenye ndugu Houston au Dallas, waambieni huko ni kinyume kabisa, Texas tangu 2017 ina sheria inayomlazimisha sherifu kuheshimu diteina, asipoheshimu anapigwa faini. Kijana anaendesha gari kutoka hapa kwenda kumsalimia shangazi Texas, anadhani Marekani ni moja.

Haya, baba hapo anauliza kuhusu bondi, ile hela ya dhamana, swali zuri sana. Kabla hujatoa hela, uliza jela waziwazi, huyu ana diteina? Na ongea na wakili wa uhamiaji kwanza, maana kuna mahali unalipa asubuhi mtu anatolewa mlango wa nyuma na ICE, bondi yako imekwama na mtu humwoni. Mama wa kitenge cha njano, uliinua mkono, karibu.