Mshauri Asiyekushauri

(Mhadhara uliotolewa Moshi kwa walimu, wazazi na viongozi wa vikundi)

Shikamooni wazee wangu. Vijana mliokaa nyuma, habari za jioni. Najua wengine mmefunga biashara mapema pale Mbuyuni ili mfike hapa. Asanteni sana.

Naomba nianze na neno lenyewe. Mlangoni kwangu pameandikwa "Ushauri Nasaha". Mtu akisoma hapo, anaingia akitarajia kushauriwa. Anaeleza shida yake dakika kumi, kisha ananitazama: "Haya mama, nishauri." Nami simshauri. Anashangaa, na ana haki ya kushangaa.

Lakini ushauri tunao tele. Shangazi anashauri, mchungaji anashauri, shekhe anashauri, wenzake wa vikoba wanashauri. Anayefika kwangu keshashauriwa mpaka amechoka. Anachokosa ni mahali pa kulisema jambo lake hadi mwisho bila kukatizwa.

Hili nililijifunza kwa kumuumiza mtu. Mwaka wangu wa kwanza kazini alikuja kijana aliyefiwa na baba, na ndugu walikuwa wameanza kugombania kihamba, lile shamba la ukoo. Hajamaliza hata robo ya maneno yake, nikamwambia: wewe ni mwanaume, jikaze, mama anakutegemea. Akasema, "Sawa, mama." Akaikunja kofia yake mkononi, akaondoka, hakurudi. Mpaka leo naiona ile kofia. Maneno yangu yangeweza kuwa mema siku nyingine. Siku ile yalimziba mdomo.

Mwanasaikolojia Mmarekani Carl Rogers aliutetea usikilizaji huu tangu miaka ya 1940: mshauri amkubali mtu kama alivyo, awe mkweli mbele yake, na ajitahidi kuyaona mambo kwa macho ya mwenye shida. Wengi hudhani huo ni upole tu. Jaribuni leo usiku kumsikiliza mtoto dakika kumi bila kumsahihisha, mtaona ilivyo kazi.

Sasa tazameni Kiswahili chetu. Mtu akiwa hali chakula, halali usingizi, tunasema "ana mawazo". Katika miaka ya 1960, daktari Aaron Beck wa Philadelphia, Marekani, aliona kwamba wagonjwa wake wa sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, walijiwa na mawazo ya haraka, yanayojileta yenyewe, nao wakayaamini bila kuyahoji: sifai, hakuna anayenijali, mambo hayatabadilika. Tiba aliyoijenga ndiyo mzizi wa ile tunayoiita leo tiba ya fikra na tabia. Mama anasema, "Jirani hakunisalimia, ananichukia." Simkatazi kuwaza hivyo. Namuuliza: alikuona? Alikuwa na haraka? Juzi alikusalimia? Anachukua daftari la kawaida la shule, na wiki nzima anaandika wazo lilimjia saa ngapi, na baada yake alifanya nini. Likishakaa kwenye karatasi, analichunguza kama anavyochunguza noti anayoitilia shaka. Wala hatumlazimishi kuwaza mazuri. Pengine jirani anamchukia kweli, basi tunazungumza ataishi naye vipi.

Na hofu je? Nitawasimulia kisa cha mama mmoja, kwa ruhusa yake, na mambo kadhaa nimeyabadilisha asitambulike. Ni mchuuzi wa ndizi. Gari alilopanda lilipinduka njia ya Himo. Mwili ulipona, lakini kila akisikia mlango wa Noah ukivutwa, moyo unamwenda mbio na viganja vinalowa. Akaacha kupanda magari. Kila anapolikwepa gari anapata nafuu, na nafuu hiyo ndiyo inayoilisha hofu, kesho yake inaamka imenenepa.

Tukaandika ngazi. Ya chini kabisa, kusimama ng'ambo ya stendi akitazama magari. Inayofuata, kuushika mlango. Kisha kuketi ndani ya gari lililozimwa. Siku ya kuketi ndani nilikaa kando yake. Nikamuuliza, kati ya sifuri na kumi, hofu iko wapi? "Tisa." Alikuwa amelishika pindo la khanga yake kwa mikono miwili. Tukakaa kimya. "Saba." Tukaendelea kukaa. "Nne, mama," akasema, na mkono mmoja ukaiachia khanga. Kupanda hatua kwa hatua namna hii kuna mizizi katika kazi ya daktari Joseph Wolpe wa Afrika Kusini, miaka ya 1950.

Msidhani haya ni ya mbali. Hapa hapa Moshi, na Bungoma kule Kenya, mjini na vijijini, ulifanyika utafiti kwa watoto 640 waliofiwa na wazazi, wa miaka 7 hadi 13. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Waliowahudumia ni watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa vizuri. Watoto walikutana kwa vikundi kila wiki, vikao 12, wakajifunza kutuliza pumzi, na kidogo kidogo kukisimulia kifo chenyewe. Katika maeneo matatu kati ya manne, dalili za kiwewe zilipungua kuliko kwa wenzao waliopata huduma za kawaida. Nawaomba mlitafakari hili, maana sisi humwambia mtoto baba "amesafiri". Mtoto ameona turubai, ameona kaburi kati ya migomba. Anajua. Tunamwacha ajue peke yake.

Kuna mengine hayangoji mazungumzo. Anayesikia sauti wasizozisikia wengine apelekwe hospitali kwanza. Na ukihofu kwamba mtu anataka kujiua, muulize waziwazi: "Unawaza kujiua?" Kumuuliza hakumpandikizii wazo, wengi hushusha pumzi kwamba hatimaye mtu ameliona. Akisema ndiyo, usimhubirie. Usimwache peke yake, ondoa dawa za shambani ndani ya nyumba, na mfike hospitali usiku huohuo.

Nitakuwepo mpaka saa mbili. Mwenye swali la kuuliza mbele ya watu aulize. Asiyetaka, chumba cha pembeni kina viti viwili na mlango unafungwa.