Karatasi ya Kijani

Vijana wa Magarini, na nyinyi wazee wetu mliokuja kuketi nasi, hamjambo.

Nimeitwa nizungumze juu ya ubunge. Naanza na namba moja: 21. Agosti 2022, aliyetangazwa mbunge wa eneobunge letu hili la Magarini, Kilifi, hapa Kenya, alipata kura 11,946, na aliyemfuata 11,925. Watu 21! Matatu moja na nusu inawabeba wote. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na Mei 2025 ikaamuliwa kwamba uchaguzi ule ni batili. Tukarudi kupanga foleni tarehe 27 Novemba 2025. Zaidi ya miaka mitatu kiti chetu kilikuwa na shaka juu yake, na hilo bado linaniuma.

Bunge la Taifa lina wabunge 290 wa maeneobunge, wawakilishi 47 wa wanawake wa kaunti na 12 wa kuteuliwa. Ukikosa tiketi ya chama, Katiba inakuruhusu kuwa mgombea huru, bora uungwe mkono na wapigakura 1,000 waliosajiliwa eneobunge hilo, na uwe umetoka chamani miezi mitatu kabla. Mabinti, hapa nawaangalia nyinyi: mwaka 2022, katika viti vile 290, wanawake walioshinda hawakuzidi 30. Watu 1,000 mnawapata sokoni na kisimani.

Lakini nililojia hasa ni usiku wa kuhesabu.

Niliwahi kuwa wakala wa mgombea ubunge, yaani mtu wake wa kushuhudia kura zikihesabiwa kituoni. Kituo kilikuwa darasa la shule ya msingi, tumeketi kwenye madawati ya watoto, magoti yanagonga mbao. Kura za urais zinahesabiwa kwanza, na kila mtu yuko macho. Zamu ya karatasi za kijani, zile za ubunge, ilipofika, usiku ulikuwa umekwenda sana. Wakala mmoja alikuwa amelala kifudifudi juu ya dawati. Mwingine alishatoka kutafuta chakula, maana tangu alfajiri aliyemtuma hakumpa hata chai. Karatasi moja ilikuwa na alama iliyogusa miraba miwili. Msimamizi akaiinua, akatuuliza, "Mnaionaje?" Tuliojibu tulikuwa wawili tu.

Baada ya hapo inajazwa Fomu 35A, ile ya matokeo ya ubunge ya kituo. Wakala anatia sahihi, anapewa nakala yake, na nyingine inabandikwa nje ya kituo. Wakala asipotia sahihi, matokeo hayabatiliki kwa sababu hiyo pekee. Kwa hiyo kususa na kwenda zako hakumwokoi mgombea wako, kunamnyima shahidi. Piga picha ile iliyobandikwa, uilinganishe na yako tarakimu kwa tarakimu, kabla hujaondoka.

Nimekuja na nakala tupu za fomu hiyo kwa zoezi na bunda la karatasi za kijani nilizozikata mwenyewe. Kaeni watu watano watano, mmoja awe msimamizi, wengine mawakala. Kuna kura sita humo nimezitia alama kwa makusudi ili mbishane.